Swali la Hapana

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni, mkono wangu uko kwenye komeo na nje kuna watu wanabisha. Kwa msomaji aliyenikuta leo, nitamfupishia, maana balaa zangu zikisimuliwa zote gazeti litakosa nafasi ya matangazo ya vifo.

Mimi ni wakili wa viapo. Mtaani wanatuita watu wa mhuri. Mtu akiuza kiwanja, akimpa ndugu mamlaka ya kusimamia mali yake, akitaka kuapa kwamba jina lake la shuleni na la kitambulisho ni la mtu mmoja, anakuja kwetu. Anatia saini mbele yetu, tunagonga mhuri, na dunia inaamini.

Nilikuwa na ofisi. Nilikuwa na mume pia, na mume huyo alikuwa na mhuri wake kwenye meza ya pili. Kisha mpiga chapa wetu akaanza kuvaa magauni mapana, na mume wangu akaanza kumsogezea kiti. Nilipokuja kuzinduka, ofisi ilikuwa yao, kibao cha mlangoni kilikuwa chao, na mimi nina mhuri wangu, sanduku la nguo na ndugu wanaonihurumia kwa kunong'ona.

Nikarudi kwa baba. Mama alishafariki zamani, na baba nilimkuta kiharusi kimemlaza upande mmoja na kimemnyang'anya maneno yote, kimemwachia moja tu: "Ndiyo."

Nikamwosha, nikamgeuza, nikamlisha kwa kijiko. Meza yangu ya kazi nikaiweka barazani kwake. Nyumba ile ndiyo kitanda changu na ndiyo ofisi yangu. Nikitolewa pale, sina hata pa kuuweka mhuri.

Na kaka yangu anaitaka.

Kaka Upesi, ndivyo tulivyomwita tangu utotoni, kwa sababu hata msibani yeye huuliza wanazika saa ngapi. Anauza vigae, na anataka nyumba ya baba iwe ghala. Ametengeneza hati inayosema baba anampa nyumba yote kwa hiari yake. Kilichobaki ni dole gumba la baba na mhuri.

Kwanza alinijia mimi mwenyewe, bila aibu.

"Mhuri uko humu humu ndani," aliniambia. "Mimi nihangaike mjini kwa nini?"

"Siruhusiwi kugonga hati ya ndugu yangu," nikamjibu. "Ningeruhusiwa, nisingegonga. Haya, nyumba ya tatu wana chai, kawasalimie."

Akaenda kwa wenzangu mjini, mmoja baada ya mwingine. Wote walimrudisha. Walimrudisha kwa sababu mimi nilishawatangulia, nikawaambia neno moja: "Mzee huyo anaitikia kila kitu. Muulizeni swali la hapana."

Hapo inabidi niwaeleze, maana ndipo msiba wangu ulipozaliwa.

Sisi wote mjini tulifundishwa kazi na mzee mmoja mwenye pumu, aliyekuwa akipumzika katikati ya kila sentensi. Alitufundisha kwamba mtu wa mhuri anatakiwa kujua mambo matatu: kwamba aliye mbele yake ni yule anayesemwa, kwamba ameielewa hati, na kwamba anataka mwenyewe. La kwanza utaoneshwa kitambulisho. Hayo mengine mawili, alisema, ndiyo watu wanayoyaghushi nyumbani kwao kabla hawajaja kwako.

"Ndugu wakimleta mgonjwa," alituambia, "wameshamfundisha kuitikia. Hakuna anayemfundisha mgonjwa kukataa. Kwa hiyo mtegee swali ambalo mwenye akili zake lazima akatae. Muulize kama wewe ni mjukuu wake. Akikuitikia ndiyo, funga wino, mpe pole, mrudishe kitandani."

Mimi niliipenda sana kanuni hiyo. Niliiandika nikaibandika ukutani ofisini: Hapana moja ina uzito kuliko ndiyo kumi. Nani aliyekuwa akiisoma kila siku akiwa kwenye meza ya pili, nadhani mmeshajua.

Basi, nikafungua komeo.

Alikuwepo Kaka Upesi, ana futi ya kupimia kiunoni. Nyuma yake shangazi, dada mkubwa wa baba, amejitanda mtandio wake wa safari. Na nyuma ya shangazi, kashika mkoba wa ngozi nilioununua kwa pesa yangu, alikuwepo mtalaka wangu.

"Karibu ndani, shemeji," kaka akamwambia.

"Shemeji wa nani?" nikauliza.

"Undugu hauvunjwi na talaka, mdogo wangu."

"Kweli. Unavunjwa na nyumba."

Shangazi akasonya, sijui alimsonya nani. Nikamwamkia, akaitikia, lakini hakunitazama usoni. Nilidhani ni aibu ya kuja na watu wale. Laiti ingekuwa hivyo.

"Habari za hapa," mtalaka wangu akanisalimia.

"Za hapa unazijua. Wewe ndiye uliyenileta."

Tukaingia chumbani kwa baba. Nilikuwa nimeshambadilisha shuka, nimemnyoa ndevu, nimemketisha kwa mito mitatu karibu na dirisha. Kaka alimpita kitandani bila salamu, akaivuta futi yake ukutani. Alipima kutoka mlangoni mpaka miguuni kwa baba, akainama, akapima na chini ya kitanda.

"Baba, umeamka salama?" nikamuuliza.

"Ndiyo."

"Sikiliza huyo!" kaka akashangilia. "Anaitika kama kengele. Shemeji, toa wino."

Mtalaka wangu hakutoa wino. Alivuta kigoda, akakaa, akaivua saa yake akaiweka mfukoni, kama alivyokuwa akifanya kila mara anapoanza kazi ya kweli.

"Nani ananufaika na hati hii?" akauliza.

"Mimi!" kaka akasema, kama mtoto aliyeitwa darasani.

"Basi toka nje."

"Nini?"

"Anayepewa hakai chumbani. Mzee aweke dole huku wewe umemtumbulia macho, halafu mimi niandike kwamba alikuwa huru? Toka."

"Shemeji, nimekuleta mimi!"

"Umenileta kufanya kazi. Ndiyo hii. Funga mlango ukitoka."

Jamani, nilitamani kupiga vigelegele. Mtu huyu aliniibia kila kitu, lakini kazi aliiheshimu. Pale pale nikamsamehe robo. Kaka alidhani ameleta kisu cha kunichinjia, kumbe ameleta mtu mwenye kanuni ileile niliyoibandika ukutani. Baba angeitikia ndiyo kwa swali la hapana, mhuri ungerudi mkobani, na nyumba ingebaki nyumba.

"Na wewe toka," akaniambia.

"Mimi sipewi kitu."

"Unanyimwa. Ni maslahi yaleyale, yamegeuzwa tu."

"Na akipaliwa, nani atamwinua? Wewe? Hata ndizi humenyi."

Akafikiri kidogo. "Simama mlangoni. Usimguse, usimsemeshe, usikohoe. Ukifungua mdomo, unatoka."

Nikasimama mlangoni.

Shangazi alibaki ndani kwa sababu alikuja kuwa shahidi, yule anayemtambulisha mgonjwa. Mtalaka wangu akamsimamisha, akamwapisha kwa taratibu zote.

"Unaapa kusema kweli tupu kuhusu mtu huyu na kuhusu watu wa nyumba hii?"

"Naapa."

"Ukijua kwamba ukisema uongo unavunja sheria?"

"Mwanangu, mimi nina umri wa kuogopa Mungu, hiyo sheria itanikuta njiani. Naapa."

"Huyu aliyeketi hapa ni nani?"

"Ni mdogo wangu. Tumenyonya ziwa moja."

Akaandika. Kisha akamgeukia baba, akamsomea hati neno kwa neno, polepole, akiishusha sauti kwenye mambo mazito na kusimama kila kituo. Namchukia mtu yule, lakini kusoma anajua. Baba alimtazama mdomo muda wote.

"Umesikia, mzee?"

"Ndiyo."

"Umeelewa?"

"Ndiyo."

"Vizuri." Akaiweka hati magotini. Nikajua sasa linakuja. "Mzee, hebu nikuulize. Huyu dada yako, aliyesimama hapa. Mimi ndiye mume wake?"

"Toba!" shangazi akaruka, akauvuta mtandio mpaka puani.

Mimi nilishaanza kutabasamu. Nilikuwa nimelisikia neno lile la ndiyo asubuhi, mchana na jioni, nililisikia mpaka usingizini. Nilingoja lije, kaka afukuzwe, nikaweke sufuria jikoni.

Baba alifunua mdomo. Hakikutoka kitu. Midomo ikatetemeka, jasho likamtoka juu ya nyusi, shingo ikakakamaa.

"Ha," akasema.

Akavuta pumzi.

"Hapana."

Sijui nielezeje. Nilisahau mlango, nilisahau amri. Nilimrukia baba nikamkumbatia, nikambusu mkono uliokufa na mkono uliobaki. "Baba amesema! Shangazi, umesikia? Baba anapona!" Nililia kwa furaha kama mwehu. Wasomaji wangu, mliowahi kuuguza mtu mtanielewa.

Nilipoinua uso nikamwona mtalaka wangu anafungua pedi ya wino.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Ninachotakiwa kufanya. Amekataa panapotakiwa kukataliwa."

"Subiri kwanza."

"Hapana moja ina uzito kuliko ndiyo kumi," akasema. Hakunicheka. Afadhali angenicheka. "Mzee, nyumba hii unataka iwe ya mwanao wa kiume?"

"Ndiyo."

"Yeye peke yake?"

"Ndiyo."

Safari hii baba hakutetemeka wala hakutoka jasho. Akalinyanyua lile dole gumba la mkono mzima, akaliweka tayari juu ya shuka.

Kumbe miezi yote ile nilikuwa nikimuuliza vitu vya kuitikia tu. Baba, supu tamu? Baba, umelala vizuri? Baba, umefurahi nimerudi? Nikijibiwa ndiyo, naenda jikoni nimevimba kichwa, najiambia angalau kuna mtu mmoja duniani ananitaka. Kwa hiyo lile la hapana, kama alikuwa nalo, hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kulitumia.

Lakini mimi si wa kukubali kirahisi. Ningekuwa wa kukubali, hadithi hii ingeisha wiki ya kwanza.

"Ulimi umeteleza," nikasema. "Muulize lingine."

"Lipi?"

"La kunihusu mimi. Muulize mimi ni nani."

"Hawezi kutaja jina, unajua."

"Basi muulize kama mimi ni binti yake! Mtu asiyemjua anayemwosha kila asubuhi atawezaje kugawa nyumba? Muulize. Ni haki ya mhuri wako kuuliza, na ni wajibu wako."

Nilijiona mjanja, wallahi. Nilipiga hesabu upesiupesi. Akisema ndiyo, nitamwangukia miguuni nilie, na baba tangu zamani machozi yangu hayawezi. Akisema hapana, basi akili imekwenda, na hati imekufa. Nimeziba huku, nimeziba na kule. Wazee walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi jembe nililishika kwa mikono miwili.

"Usimuulize," shangazi akasema ghafla.

Tukamgeukia wote.

"Mgonjwa amechoka," akasema. "Maswali yametosha."

"Shangazi, kama umekuja kumsaidia kaka sema tu," nikamfokea. Ndivyo nilivyomjibu mama wa watu. "Muulize!"

Mtalaka wangu akasogeza kigoda. "Mzee, mtazame huyu. Huyu ni binti yako?"

Baba akageuza kichwa. Akanitazama kwa utulivu, akaanzia kwenye nywele akashuka mpaka kidevuni, hana haraka. Nilimwekea tabasamu, si mnajua tena, binti wa baba.

"Hapana."

Hakutafuta neno. Lilitoka lote, limenyooka.

Nami nikapiga makofi. Nakiri mbele yenu nyote, na mnichukulie mnavyotaka: baba yangu kanikana, na mimi nikapiga makofi.

"Umesikia!" nikapiga kelele. "Hanijui! Hamjui hata mwanawe aliyemzaa! Funga wino, bwana, funga mkoba wako nenda kwa mkeo!"

Mtalaka wangu akaishusha kalamu. Kisha akafunika pedi.

"Ni kweli," akasema. "Hapa siwezi kugonga."

Nilihema. Nilimwinamia baba nikamwekea mto vizuri. "Usijali, baba," nikamnong'oneza, "hata usiponijua, mimi nakujua." Baba akageukia dirishani.

Mlango ukafunguliwa. Kaka Upesi alikuwa ameweka sikio kwenye tundu la ufunguo muda wote, alama yake ilikuwa bado shavuni.

"Kwa nini hugongi?" akauliza.

"Amemkana mwanawe," mtalaka wangu akamjibu. "Siwezi kuandika kwamba ana akili timamu. Pole."

Nilimsubiri kaka alipuke. Mtu huyu hugombana hata na mvua. Lakini hakulipuka. Alikaa miguuni kwa baba, akaanza kuikunja futi yake taratibu, inchi kwa inchi, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwona kaka yangu hana haraka.

"Shemeji," akasema, "shangazi umemwapisha?"

"Nimemwapisha."

"Aseme kweli kuhusu baba tu?"

"Kuhusu baba yako na watu wa nyumba hii."

"Haya. Mbona umemuuliza mgonjwa peke yake, shahidi umemsahau?"

"Kaka, acha upuuzi," nikasema. Hakunijibu. Alikuwa akinitazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwake, na nisiwadanganye, ilikuwa huruma.

Mtalaka wangu akasita. Akanitazama mimi, akatazama mkoba, na nina hakika kwamba kwa dakika ile moja alitamani kuondoka. Lakini kazi aliiheshimu, si niliwaambia? Jibu la mgonjwa likitiliwa shaka, anaulizwa shahidi aliyeapa. Hata mimi ningefanya vivyo hivyo.

"Shangazi," akasema kwa sauti ya chini, "jibu hili la mwisho la mdogo wako ni la makosa? Ukisema ni makosa, naondoka sasa hivi na hati yangu."

"Mwambie, shangazi," nikasema. "Neno moja tu. Wewe ndiye uliyenipokea nilipozaliwa. Umenisuka nywele, umenifundisha kufua. Mwambie baba amekosea, tunywe chai."

Shangazi alikuwa anaisokota ncha ya mtandio. Alimtazama baba, baba akamtazama. Watu wale wawili walisemezana kwa macho jambo la zamani sana, na mimi nimesimama katikati yao na mto mkononi.

"Nilisema asiulizwe," shangazi akasema.

"Shangazi?"

"Ungekaa mlangoni, mwanangu. Uliambiwa ukae mlangoni." Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. "Mama yako alinibembeleza nifiche, nikaficha. Lakini leo wameniapisha."

Akamgeukia mtalaka wangu.

"Andika," akamwambia. "Mdogo wangu ana akili timamu."